Kanuni ya Imani ya Kale ya Roma kwa Kigiriki na Kilatini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kanuni ya Imani ya Mitume, ile ambayo wengi wetu tuliikariri kabla hatujajua kusoma, ina mzazi wake. Mzazi huyo ni kanuni fupi iliyotumika katika Kanisa la Roma miaka mingi kabla ya sala yetu kupata umbo lake la leo. Imetufikia kwa lugha mbili, Kigiriki na Kilatini, na ukiziweka pamoja utaona kwamba hazilingani neno kwa neno. Haya ni maswali ambayo wakatekista, wanafunzi wa teolojia na waumini wenye kiu ya historia huuliza kuhusu jambo hilo.

Kanuni hiyo ya kale inasemaje?

Kwa Kilatini chake, nikiitafsiri kwa kufuata maneno yalivyo, inasema hivi:

"Namwamini Mungu Baba Mwenyezi, na Kristo Yesu, Mwanawe wa pekee, Bwana wetu, aliyezaliwa kwa Roho Mtakatifu kutokana na Maria Bikira, aliyesulubiwa wakati wa Pontio Pilato akazikwa, siku ya tatu akafufuka kutoka kwa wafu, akapaa mbinguni, ameketi kuume kwa Baba, atakuja kutoka huko kuwahukumu walio hai na wafu, na Roho Mtakatifu, Kanisa takatifu, ondoleo la dhambi, ufufuo wa mwili."

Basi, imeisha. Aliyezoea sala ya leo atahisi amekwama njiani mara kadhaa. Hakuna "mwumba mbingu na nchi". Hakuna "aliyetungwa", wala "akateswa", wala "akafa", wala "akashukia kuzimu". Kanisa ni takatifu lakini halijaitwa katoliki. Ushirika wa watakatifu haumo, na uzima wa milele haumo. Hayo yote yaliingia kidogokidogo katika makanisa ya Magharibi. Umbo kamili tunalolisali leo linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Pirminius, abate ambaye mwaka 724 alianzisha monasteri ya Reichenau, kusini mwa Ujerumani ya leo.

Angalia pia kwamba maandishi ya kale yanasema "Kristo Yesu", si "Yesu Kristo". Hapo Kigiriki na Kilatini havitofautiani. Kwa watu wale "Kristo" lilikuwa bado cheo, yaani Masihi, na cheo hutangulia jina.

Maandishi ya Kigiriki yalipatikana wapi?

Yalipatikana ndani ya barua ya mtu aliyekuwa akijitetea. Marcellus alikuwa askofu wa Ankyra, mji ambao leo ni Ankara, mji mkuu wa Uturuki. Alikuwepo kwenye Mtaguso wa Nikea mwaka 325, na alimpinga kwa nguvu zote Arius, padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Nguvu hizo zilimponza. Wapinzani wake walidai kwamba katika kutetea umoja wa Mungu alikuwa amefuta tofauti kati ya Baba na Mwana, na mwaka 336 wakamvua uaskofu huko Konstantinopoli.

Akaenda Roma kumwomba Papa Julius I amsikilize. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi mitatu akiwasubiri washtaki wake, nao hawakutokea. Alipokaribia kuondoka, mwaka 340 au 341, alimwachia Papa barua yenye ungamo la imani yake kwa Kigiriki. Maaskofu waliokutana Roma wakamkubali.

Barua hiyo ilihifadhiwa na mtu ambaye hakuwa rafiki wa mawazo yake. Epiphanius, askofu wa Salamis huko Kupro, aliinakili katika kitabu chake kikubwa dhidi ya uzushi, katika sehemu inayowahusu wafuasi wa Marcellus. Kuna faraja katika hilo: kitabu kilichoandikwa ili kupinga ndicho kilichotutunzia.

Marcellus hasemi popote kwamba ananukuu kanuni ya Roma. Anaisema kama imani yake mwenyewe. Kwa karne nyingi hakuna aliyegundua chochote, hadi mwaka 1647 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, alipochapisha utafiti wake na kuonyesha kwamba maneno ya Marcellus ni kanuni ileile ya Roma iliyojulikana kwa Kilatini.

Na ya Kilatini?

Hiyo tumeipata kwa Rufinus. Alizaliwa karibu na Aquileia, kaskazini mashariki mwa Italia, akabatizwa Aquileia, kisha akaishi miaka mingi Misri na Yerusalemu kama mmonaki. Kigiriki alikijua vizuri, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri vitabu vya Kigiriki kwa Kilatini. Mnamo mwaka 404 aliandika ufafanuzi wa kanuni ya imani.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana wengi hukosea. Rufinus hakufafanua kanuni ya Roma. Alifafanua kanuni ya Aquileia, ile aliyoipokea siku ya ubatizo wake. Ila alikuwa mwaminifu: kila mahali Aquileia ilipoongeza neno, alisema Roma haina neno hilo. Kwa hiyo kanuni ya Roma tunaipata kwa kuondoa, kama mtu anayepepeta mchele.

Anaeleza pia kwa nini Roma iliiacha kanuni yake bila nyongeza. Kwanza, anasema, uzushi haukuwahi kuzaliwa huko. Pili, desturi ya Roma ilikuwa kwamba wanaojiandaa kubatizwa waitamke kanuni kwa sauti mbele ya waumini wote, na masikio ya wazee waliotangulia katika imani hayangevumilia neno hata moja kuongezwa. Sababu ya kwanza ina upendeleo, kwa kuwa Roma nayo ilikuwa na wazushi wake. Ya pili naiamini kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kukosea neno la sala inayojulikana na kusanyiko zima anajua vichwa vinavyogeuka.

Kuna ushahidi mwingine zaidi ya hao wawili?

Upo, na una thamani. Katika Maktaba ya Uingereza, London, kuna kitabu cha Zaburi kinachohusishwa na mfalme Aethelstan wa Waingereza, wa karne ya 10. Ndani yake kuna kanuni hii kwa Kigiriki, lakini imeandikwa kwa herufi za Kilatini, kama inavyosikika sikioni. Aliyeiandika alikuwa akisali kwa lugha ambayo huenda hakuielewa vizuri.

Katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, kuna kodeksi, yaani kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, ya Matendo ya Mitume yenye safu mbili, Kilatini na Kigiriki. Mwishoni mwake mtu mwingine aliandika kanuni hii kwa Kilatini. Miisho ya maneno yake haifuati sarufi ya vitabuni. Ni Kilatini cha mdomoni, cha mtu aliyeandika alichokuwa akikisema.

Sasa, tofauti kubwa hasa ni zipi?

Mbili. Kigiriki cha Marcellus kinaanza, "Namwamini Mungu Mwenyezi", bila neno "Baba". Na mwisho wake, baada ya ufufuo wa mwili, kinaongeza maneno mawili, *zoen aionion*, uzima wa milele. Kilatini cha Rufinus ni kinyume: kinamtaja Baba mwanzoni, na kinaishia kwenye ufufuo wa mwili.

Nyingine zote ni za viunganishi, vihusishi na nyakati za vitenzi. Nimeona watu wakijenga juu yake nadharia nzito kuliko zinavyoweza kubeba, ingawa chache kati yake zinastahili kutazamwa, na tutazitazama.

Kwa nini Marcellus hakumtaja Baba? Je, hakumwamini?

Hili ndilo swali linalowasha moto darasani. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuchanganya Baba na Mwana anaandika ungamo la imani, na neno "Baba" halipo mstari wa kwanza! Tangu zamani wapo waliosema aliliondoa makusudi. Marcellus alipenda kusema kwamba kabla ya kutwaa mwili aliyekuwako aitwe Neno, si Mwana, na kwa mtazamo huo jina "Baba" lisingekaa vizuri mwanzo kabisa wa kanuni.

Mimi sioni kwamba hoja hiyo inasimama. Kwanza, maandishi yaleyale yanasema Kristo ni "Mwanawe wa pekee". Aliyetaka kumficha Baba angemwachaje Mwana? Pili, mistari michache baadaye anasema Kristo ameketi kuume "kwa Baba", bila kusita. Tatu, kile kitabu cha Zaburi cha Aethelstan, ambacho nacho ni Kigiriki, kina *theon patera pantokratora*, Mungu Baba Mwenyezi, na kinaishia kwenye ufufuo wa mwili kama Rufinus. Maana yake ni kwamba Kigiriki cha Roma kwa asili hakikutofautiana na Kilatini katika mambo haya mawili. Tofauti ni ya nakala moja, ile iliyopita kwa Marcellus na Epiphanius na wote walioinakili baada yao. Neno moja kumponyoka mnakili ni jambo la kila siku.

Lakini shaka juu ya Marcellus iliacha alama kubwa kuliko neno lililopotea. Alishutumiwa pia kwa kufundisha kwamba utawala wa Mwana utafikia kikomo chake, Mungu atakapokuwa yote katika yote. Katika kanuni ya Konstantinopoli ya mwaka 381, baada ya kutajwa hukumu ya walio hai na wafu, yamo maneno "na ufalme wake hautakuwa na mwisho". Maneno ni ya malaika Gabrieli katika Injili ya Luka, lakini yaliwekwa pale kumjibu Marcellus. Kila tunapoisali kanuni hiyo ndefu tunamjibu bado.

Na "uzima wa milele" ulitoka wapi?

Kwa upande wa Roma, Rufinus na Yeronimo wote wanashuhudia kwamba kanuni iliishia kwenye ufufuo wa mwili. Kwingine haikuwa hivyo. Kanuni ya Yerusalemu, ambayo Askofu Kirilo aliwafundisha wakatekumeni wake, yaani wanaojiandaa kubatizwa, katikati ya karne ya 4, iliishia kwenye uzima wa milele. Huko Karthago, Afrika Kaskazini, Askofu Cyprian alikuwa akiutaja uzima wa milele katika maswali ya ubatizo karibu miaka 100 kabla ya Marcellus, na huko lugha ilikuwa Kilatini.

Kwa hiyo si kweli kwamba Wagiriki walikuwa na uzima wa milele na Walatini hawakuwa nao. Roma ndiyo haikuwa nao. Marcellus alitoka mashariki, ambako ungamo bila maneno hayo lingesikika limekatika, na inawezekana kabisa kwamba mdomo wake, au mkono wa mnakili, uliyaongeza kwa mazoea.

Je, "aliyezaliwa kwa Roho Mtakatifu na Maria" ni sawa na "kwa Roho Mtakatifu kutokana na Maria"?

Kigiriki kina kihusishi kimoja, *ek*, kinachowabeba wote wawili: *ek pneumatos hagiou kai Marias tes parthenou*. Kilatini cha Rufinus kinatumia viwili tofauti: *de Spiritu sancto ex Maria virgine*. Nakala nyingine za Kilatini, kama ile ya Oxford, zinaweka tu *et*, "na", kama Kigiriki.

Inaonekana ni jambo dogo, lakini fikiria mtu asiye na elimu ya dini akisikia "alizaliwa na Roho na Maria". Anaweza kudhani Roho ni baba kama Maria alivyo mama. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alilijadili tatizo hilo kwa kirefu: inakuwaje Kristo azaliwe kwa Roho na asiwe mwana wa Roho? Vihusishi viwili vinasaidia kutenganisha namna mbili za kuhusika. Baadaye Walatini walikwenda mbali zaidi, wakaweka vitenzi viwili: *conceptus* kwa Roho, *natus* kwa Maria. Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipopata "aliyetungwa kwa Roho Mtakatifu, akazaliwa na Bikira Maria". Maneno hayo mawili tunayoyasema kwa pumzi moja ni matokeo ya safari ya karne kadhaa, na Kigiriki cha kale kilikuwa kabla ya safari hiyo kuanza.

Je, Kigiriki kinasema Kristo "anakuja", si "atakuja"?

Ndiyo. Marcellus anaandika *erchetai*, anakuja, na Rufinus *venturus est*, atakuja. Usihangaike sana. Wagiriki hutumia wakati uliopo kwa jambo la baadaye lililo hakika, kama sisi tunavyosema "kesho nakuja kwenu".

Vilevile Kigiriki kinamfuata Kristo kwa mnyororo wa sifa (aliyezaliwa, aliyesulubiwa, aliyezikwa, aliyefufuka, aliyepaa), wakati Kilatini kinaanza na *qui*, "ambaye", kisha kinasimulia kwa vitenzi kamili. Kiswahili kimefuata njia ya Kilatini na kuipendezesha kwa -ka-: akasulubiwa, akafa, akazikwa. Kwa sikio langu, -ka- ile inaifanya kanuni iwe hadithi inayosonga mbele, jambo ambalo Kigiriki hakina na Kilatini kinalo nusu.

Pantokrator na omnipotens: je, maana ni moja?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa lugha zenyewe zinafundisha.

*Pantokrator* ni neno ambalo wafasiri Wayahudi wa Agano la Kale la Kigiriki walilitumia mara nyingi pale Kiebrania kiliposema "Bwana wa majeshi". Limeundwa na "yote" na kitenzi cha kushika, kumiliki, kutawala. Pantokrator ni yule aliyeushika ulimwengu wote mkononi na kuutawala. Ni neno la kiti cha enzi.

*Omnipotens* ni "awezaye yote". Ni neno la uwezo. Walatini hawakuwa na lingine lililozoeleka. Augustino alijaribu mahali fulani *omnitenens*, mshika yote, lakini halikushika mizizi. Kutokana na *omnipotens* yalizaliwa maswali ambayo wanafunzi wa Magharibi waliyajadili kwa karne nyingi: kama Mungu anaweza yote, je, anaweza kusema uongo? Anaweza kubatilisha jana isiwe imetokea? Maswali hayo hayatoki kwa urahisi kwenye *pantokrator*. Mtawala wa yote hahojiwi kuhusu mafumbo ya namna hiyo.

Na Kiswahili? Mwenyezi ni mwenye ezi, yaani mwenye enzi, nguvu na mamlaka. Sisi tuliopokea kanuni hii kwa njia ya wamisionari wa Magharibi, ambao asili yake kwao ilikuwa Kilatini, tumeishia na neno lililo karibu zaidi na Kigiriki. Wengi tunalitamka bila kujua. Ukimfundisha katekumeni neno hilo, mwambie kwanza juu ya enzi, kisha juu ya uwezo.

Na monogenes?

Marcellus anasema *ton monogene*, Rufinus *unicum*, na kwa Kiswahili yote ni "wa pekee". Katika kanuni ndefu Walatini walikuja kupendelea *unigenitus*, "mzaliwa pekee", ili kusisitiza dhidi ya Waario kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Katika kanuni ya kale ya Roma msisitizo huo haukuwepo bado.

Kwa nini tunasema "nasadiki kwa Roho Mtakatifu" lakini hatusemi "kwa Kanisa"?

Swali zuri sana, na Rufinus ndiye aliyelijibu. Katika Kilatini *in* inatajwa mara tatu tu: *in* Mungu Baba, *in* Kristo Yesu, *in* Roho Mtakatifu. Baada ya hapo Kanisa, ondoleo la dhambi na ufufuo vinatajwa bila *in*. Rufinus anasema silabi hiyo moja ndiyo inayomtenga Muumba na viumbe. Tunamwamini Mungu kwa kumtegemea. Kanisa tunaliamini kuwa lipo na ni takatifu, lakini hatuliwekei tumaini letu kama tunavyomwekea Mungu.

Kigiriki cha Marcellus kinafanya vivyo hivyo: *eis* mara tatu, kisha kimya. Kwa hiyo kwenye kanuni ya Roma lugha zote mbili zinakubaliana. Tofauti inatokea ukilinganisha na makanisa mengine ya Kigiriki. Kanuni ya Konstantinopoli inasema *eis mian hagian*, ikirudia kihusishi kwa Kanisa, na Walatini walipoitafsiri kwa ajili ya liturujia waliiondoa *in* hiyo. Wagiriki hawakumaanisha kwamba Kanisa ni Mungu. Ila ni ajabu namna Kiswahili cha Kikatoliki kilivyoitunza hoja ya Rufinus: "Nasadiki kwa Roho Mtakatifu, Kanisa takatifu katoliki, ushirika wa watakatifu." "Kwa" moja, kisha orodha. Wanaosema "Namwamini Roho Mtakatifu" wana njia yao ya kuonyesha jambo lilelile: -mw- ndani ya kitenzi ni ya nafsi, na Kanisa linafuata bila kitenzi kingine.

Ipi ilitangulia, Kigiriki au Kilatini?

Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki. Paulo aliwaandikia Warumi kwa Kigiriki, na Klementi wa Roma aliwaandikia Wakorintho kwa Kigiriki. Kwenye makaburi ya Kalisto nje ya mji, majina ya mapapa wa karne ya 3 yamechongwa kwa Kigiriki: Pontianus, Anterus, Fabianus. Kaburi la Cornelius, aliyekufa mwaka 253, limeandikwa kwa Kilatini. Ukisimama mbele ya mawe hayo unaona lugha ya kanisa ikigeuka, ingawa haikugeuka kwa siku moja, maana Eutychianus aliyekufa mwaka 283 aliandikiwa tena kwa Kigiriki.

Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi, akiwemo J. N. D. Kelly wa Oxford, walishika kwamba kanuni ilizaliwa kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 2 na ikapata Kilatini chake mapema. Mwaka 1999 mwanahistoria Markus Vinzent alitikisa hesabu hiyo kwa kudai kwamba Marcellus mwenyewe ndiye aliyeitunga, na Roma ikaichukua kwake. Hoja yake imewalazimisha wote kupima upya ushahidi, na hilo ni jema. Mimi naona ni vigumu kuikubali. Rufinus, aliyeandika miaka kama 60 tu baadaye, anaizungumzia kanuni ya Roma kama kitu cha kale ambacho wazee walikilinda, na maswali ya ubatizo ya zamani zaidi yanafanana nayo mno.

Zaidi ya hapo, nadhani swali la "ipi kwanza" linaulizwa vibaya. Katika mji wenye lugha mbili, kuhani aliyewabatiza watoto wa wafanyabiashara kutoka Antiokia asubuhi na askari wa Kilatini baadaye alihitaji kanuni kwa lugha zote mbili. Zilikua pamoja, kama mapacha.

Kwa nini hawakuiandika tu, tukaondokana na mashaka?

Kwa makusudi kabisa. Kanuni haikuandikwa kwenye karatasi. Iliandikwa moyoni. Askofu aliwatamkia wakatekumeni siku chache kabla ya Pasaka, nao waliirudisha kwa kichwa. Augustino aliwaambia wake waikariri kila siku, walalapo na waamkapo, na wasiiandike. Kirilo huko Yerusalemu aliwaagiza wake vivyo hivyo. Ndiyo maana maandishi ya zamani zaidi ni ya mtu aliyekuwa hana budi kuandika, yaani mshtakiwa.

Je, si Mitume ndio walioitunga?

Rufinus anasimulia kwamba Mitume waliitunga pamoja kabla ya kutawanyika, na hata analieleza neno *symbolum* kuwa ni mchango wa wengi, akichanganya maneno mawili ya Kigiriki yanayofanana. Baadaye simulizi iliongezwa kuwa kila mtume alitoa kifungu chake. Makanisa ya Kigiriki hayakuwa na habari hiyo. Kwenye Mtaguso wa Ferrara mwaka 1438, Marko wa Efeso aliwaambia Walatini kwamba wao hawana kanuni hiyo ya Mitume wala hawajaiona. Jina "Kanuni ya Mitume" ni haki kwa maana moja tu: imani iliyomo ni ya Mitume.

Na "akashukia kuzimu"?

Aquileia ilikuwa nayo, *descendit in inferna*. Rufinus anasema wazi kwamba Roma haina, na makanisa ya Mashariki hayana, na anaona maana yake ni kama ileile ya "akazikwa". Kwenye tamko la maaskofu huko Sirmium, mwaka 359, wazo hilo limo. Kwenye kanuni ya Roma liliingia baadaye.

Ugomvi wa "na Mwana" unaingia wapi hapa?

Hauingii. Huo ni wa kanuni ndefu ya Nikea na Konstantinopoli, ambayo Kigiriki chake kinasema Roho hutoka kwa Baba. Walatini waliongeza *Filioque*, "na Mwana", na nyongeza hiyo ilienea Hispania na kwa Wafranki kabla ya Roma. Papa Leo III alikubali mafundisho lakini alikataa nyongeza, akaweka kanuni hiyo bila neno hilo kwenye ngao za fedha, kwa Kigiriki na kwa Kilatini. Roma yenyewe iliikubali katika Misa mwaka 1014. Ndiyo sababu Mkatoliki wa Kenya au Tanzania husema "atokaye kwa Baba na Mwana" na Mwothodoksi jirani yake huishia "kwa Baba".

Sarx, caro, mwili: tunaamini kitafufuka nini?

Kigiriki kinasema *sarkos anastasin*, Kilatini *carnis resurrectionem*. Yote mawili ni neno la nyama, si neno la mwili kwa ujumla, ambalo kwa Kigiriki ni *soma* na kwa Kilatini *corpus*. Lugha zote mbili zilichagua neno gumu kwa makusudi, kwa sababu walikuwepo waliofundisha kwamba kinachookolewa ni roho tu. Kiswahili kimelainisha: "ufufuko wa miili" au "ufufuo wa mwili". Sidhani ni kosa, kwa kuwa "nyama" kwetu ni ya jikoni na buchani, lakini ukali wa neno umepungua.

Aquileia walienda mbele kuliko Roma na kuliko Wagiriki. Wao walisema *huius carnis*, wa mwili huu. Rufinus anaeleza kwamba walipofika kwenye neno hilo, "huu", kila mmoja aligusa paji la uso wake kwa ishara ya msalaba.